King'ora cha Darajani

Mlango wa mabati uligongwa, na Ayuma akajua papo hapo kwamba si Laban. Mumewe alikuwa na namna yake ya kubisha: mara tatu haraka, anyamaze, kisha mara moja. Huyu aligonga ovyo ovyo.

Alikuwa Kavutha, jirani wa mlango wa pili, leso imemlowa chepechepe.

"Pole, dadangu. Wamepata nini huko chini?"

"Kofia," alisema Ayuma. "Kofia yake tu."

Laban alitoka alfajiri kwenda kibarua viwandani, mto ukafurika kabla hajafika. Tangu hapo nusu ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben ilikuwa ikipekua kingo kwa vijiti virefu. Kofia ilinaswa kwenye takataka, mbali kabisa chini ya daraja. Baada ya hapo wanaume walianza kuzungumza kwa sauti za matanga, na Ayuma akawachukia kwa hilo.

Kavutha alisitasita mlangoni.

"Sitaki kukusumbua. Lakini hiyo king'ora yenu! Tangu asubuhi inalia, inanyamaza, inalia tena. Watu wamehama na magodoro mara mbili na maji haijafika. Mimi nimeifunga na gunia."

Ayuma akatazama vipimo kwenye simu. Kihisi cha darajani, kile kifaa cha kupima maji walichokiunda yeye na Laban kwa kopo la siagi na betri kuukuu, kinachoamsha king'ora kwa mawimbi ya redio, kilikuwa kimepagawa. Maji yako mita mbili chini. Maji yako sentimita nane tu chini. Mita mbili tena. Mto gani unapanda na kushuka hivyo? Lakini kifaa chenyewe hakijui mto. Hurusha sauti chini, na ikigonga kitu ikarudi, basi kinahesabu kuwa ni maji. Laban ndiye aliyekifunga, amejikunja kwenye kibaraza cha zege chini ya daraja, akijigamba kwamba hata gharika ya Nuhu isingemfikia pale.

Miezi minane ya kuungaunga waya, na siku moja tu kilipohitajika kikaharibika. Ayuma alitamani kukikanyagakanyaga.

"Izime hiyo king'ora," Kavutha alimwambia polepole. "Watu wapumzike. Na wewe pia, dadangu, ulie."

Ayuma hakuwa na nguvu za kubishana. Akachukua mkasi, akapanda kwenye kiti nje ya mlango, pale king'ora kilipotundikwa, machozi yakimtiririka mbele ya majirani wote. Akalifungua gunia, akaushika waya, akapanua mkasi.

King'ora kikalia. Mara tatu, haraka. Kikanyamaza.

Kisha mara moja.