Mlango wa Mbele

Feruzi alishika nyundo kwa mikono miwili, akasimama mbele ya sanduku la vioo alilolihangaikia wiki nzima. Nje, miguu ya watu ilikuwa inakaribia nyumba yake, na haikuwa miguu ya wapita njia.

Alikuwa fundi wa vioo. Mtaa mzima wa Makiso ulimjua kwa madirisha na fremu za picha, na hakuna aliyewahi kumsema vibaya. Balaa lilianza siku Mama Naomie, mtafiti wa wanyama kule msitu wa Masako, alipomletea akwariamu kuukuu ya hoteli moja iliyochoka kufuga samaki. Alitaka igeuzwe nyumba ya nyoka.

"Ifunguke kwa mbele, Papa Feruzi. Nyoka ikiona mukono inatoka juu, inawaza ni ndege inakuja kuikamata. Inaogopa mpaka inaacha kula."

Kazi ilimpendeza. Alikwangua silikoni ya zamani kwa wembe, akalaza akwariamu kwa ubavu ili mdomo wake utazame mbele. Akabandika reli za alumini juu na chini, akapitisha vioo viwili vya kutelezesha. Akaacha nafasi ya hewa na kuiziba kwa wavu wa chuma. Mwisho akatia kufuli ndogo, kama ile ya makabati ya saa madukani, na taa ya kuleta joto. Ilibaki silikoni ikauke tu, mwenyewe aje achukue.

Kosa lake lilikuwa kuijaribu ile taa. Umeme ulikuwa umekatika mtaani, na taa ya Feruzi, iliyowashwa kwa betri, ikalifanya pazia zima la dirisha liwe jekundu. Jirani yake, Papa Mahmoudi, akaja kuuliza.

"Feruzi, ndani ya ile kitu kuko nini?"

"Kuko bure, papa. Ni nyumba ya nyoka, lakini nyoka haiko."

"Bon. Na kufuli?"

"Ya kufungia nyoka."

"Nyoka yenye haiko," alisema Papa Mahmoudi, akaenda zake.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na Makiso halikawii. Kesho yake Feruzi alikuwa na nyoka, tena yule anayemtapikia mwenyewe pesa. Keshokutwa yake nyoka alikuwa na urefu wa mtumbwi. Feruzi alivaa shati lake la mtumba, watu wakalitazama shati, kisha wakatazamana.

Kila mtu anajua hadithi za nyoka wa namna hiyo. Kila mtu anajua pia anavyofanywa mwenye nyoka: walisimulia kwamba ng'ambo ya mto nyumba ya mtu iliteketezwa, na baiskeli yake ya toleka, ya kubebea abiria, ikiwa ndani. Feruzi aliogopa, hakuona haya kuogopa. Akafungua pazia ili watu waone sanduku tupu. Wakasema nyoka huyo haonekani mchana. Akampigia simu Mama Naomie aje amtolee ushahidi. Mama Naomie alikuwa msituni na simu haikupatikana. Mama Françoise wa kikundi cha maombi alikuwa akipita mlangoni akiimba kwa sauti ya kukemea pepo, bila salamu. Hakuna kinachomchosha mtu kama kukana kitu kisichokuwepo.

Hata mkewe, Malika, aliyepangusa vioo vile kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, alianza kula kimya. Jana aliuliza bila kumtazama.

"Nyoka kama ile, inakulaka nini?"

"Malika! Hata weye?"

"Minauliza tu."

"Ya Mama Naomie inakulaka mayai. Haina hata meno ya kuuma mutu."

Malika alikusanya sahani akaenda kuziosha. Leo alitoka mapema, akaaga kwamba anaenda sokoni. Jua likapita utosini, likashuka, naye hakurudi. Feruzi alielewa kwamba mkewe amejiokoa peke yake. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya mtaa mzima.

Sasa ua ulikuwa umejaa. Watu hawakupiga kelele, na watu wa Makiso wakinyamaza, ujue kuna jambo. Papa Mahmoudi alikuwa mbele, mikono ameificha ndani ya kanzu. Mama Françoise alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni. Feruzi hakuona dumu la petroli. Labda mawe, aliwaza. Mawe yanatosha.

Akawapazia sauti kupitia mlangoni.

"Muangalie na macho yenu! Ninaivunja sasa hivi mbele yenu, alors tumalize!"

Akainua nyundo.

"Usivunje!" ua mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Mama Françoise alikuwa tayari amepiga magoti.

Papa Mahmoudi akaingia mbiombio, akamshika mkono wa nyundo. Mkono wake mwingine ukatoka taratibu ndani ya kanzu. Kiganjani mlikuwa na yai.

"Mutoto wangu, hatukuje na likambo wala vita," alinong'ona. "Lakini baraka kama hii, unaifungia weye peke yako? Acha na siye tuikulishe kidogo."

Nyuma yake mikono yote ikatokea, na kila mkono una yai, na watu wakaanza kusukumana kupanga mstari. Feruzi akawapitia kwa macho mmoja mmoja, akitafuta walau mtu mmoja wa kumwamini. Mwisho kabisa wa mstari alimwona Malika, amejifunika uso kwa kitenge, ameshika mayai mawili.