Mlinzi wa Tatu Kutoka Langoni

Sun-rye alikitambua kidole kabla hajamtambua mwenyewe. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichokatika kwenye kiungo cha kwanza, kilikuwa kimeushika mkuki pamoja na wenzake kana kwamba nacho ni kizima.

Ngoma kubwa ya jumba la kifalme la Seoul ilipigwa. Walinzi wa maigizo, wa mfalme asiyekuwapo tena, walipita na kanzu nyekundu na kofia pana nyeusi, ndevu zimebandikwa kwa gundi, wakapokezana lango. Watalii wakainua simu juu. Wanawake kumi na mmoja waliotoka kijijini alfajiri kwa basi la kukodi walisukumana mbele kwa viwiko. Sun-rye, mmoja wao, alirudi nyuma hatua mbili, akaipandisha barakoa mpaka chini ya miwani ya jua.

Tae-gyu. Mwanawe Tae-gyu, aliyefaulu mtihani wa serikali miaka mitatu iliyopita! Tae-gyu wa wizarani! Kijiji kilimtundikia bango kwenye njia panda, jina lake kwa herufi kubwa kama milango, na Sun-rye alichinja nguruwe, watu wakala mpaka wakashindwa kuinuka. Jana tu alimpigia simu kumwambia kwamba kwa mara ya kwanza naye yumo kwenye safari ya akina mama.

"Aa, Mama, kesho nina mkutano kutwa nzima," alijibu. "Si ungeniambia mapema."

Kumbe mkutano wenyewe ndio huu.

Hakumkasirikia. Kilichomshika kilikuwa aibu, na nyuma ya aibu, hatia. Nani aliyekuwa akimwambia kila sikukuu kwamba mtoto wa fulani kafaulu, wewe lini? Na kile kidole, nani aliyekuwa akizungusha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mtoto ana miaka saba? Ni yeye. Kijiji kizima kilikijua kidole kile. Wakikiona wenzake leo, kesho bango litakuwa kichekesho cha wilaya.

"Mama Tae-gyu!"

Huyo alikuwa Mal-sun, jirani yake, mkubwa kwake kwa umri na bingwa wao wa kusema. Alikuwa amekumbatia mtungi uliofungwa kwa kitambaa cha waridi. Ndani mlikuwa na kimchi ya Sun-rye, kabichi aliyoitia pilipili kwa mkono wake mwenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa pili Mal-sun anamwomba kimchi ya kumpelekea mpwa wake wa Seoul, ambaye eti haili nyingine.

"Unajificha nini huko nyuma kama bibi harusi? Njoo tupige picha. Tunasimama na huyu."

Akawaongoza moja kwa moja hadi kwa mlinzi wa tatu kutoka langoni. Wawili wa kwanza, warefu na wazuri, aliwapita bila kuwatazama.

Sun-rye akamvuta Mal-sun mkono. "Kwa nini huyu, dada? Wale pale ndio wanaume. Twende kwa wale."

"Mimi namtaka huyu. Mwone, maskini, amekonda." Mal-sun akamsukuma mgongoni taratibu. "Simama naye wewe, Mama Tae-gyu. Sogea bwana! Mshike hata mkono, hang'ati."

Mkono wenyewe ndio ule wa kidole. Wanawake walikuwa wamenyamaza, simu zimeinuliwa, macho yote kwake. Wakishusha macho kidogo tu, basi.

"Nisimame na huyu?" Sun-rye akacheka kwa sauti, hata wageni wakageuka. "Mwanamume mzima kabandikwa ndevu, kasimamishwa juani apigwe picha kama kinyago! Mama yake akimwona, ataficha wapi uso wake? Mimi wangu yuko wizarani, dada. Picha na mvivu wa Seoul ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Mlinzi hakupepesa macho, maana hawaruhusiwi. Ila kishada chekundu cha mkuki kilitikisika, na upepo haukuwapo.

Sun-rye aliondoka upesi, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyetaka tena picha na mlinzi yeyote. Njiani kuelekea kwenye basi alijiambia kwamba amemwokoa mwanawe. Alijiambia mara ya pili, na ya tatu, na kila mara moyo ulimjibu kwamba aliyeokolewa ni yeye mwenyewe. Barakoa ilimficha uso, lakini sauti je? Mtoto gani asiyeijua sauti ya mama yake? Maji yamekwisha kumwagika.

"Mtangulie," Mal-sun alisema. "Nampelekea mpwa wangu mtungi wake. Msiniache."

Ndani ya basi walimenya machungwa, wakapeana. Wanawake walioimba tangu alfajiri sasa walitafuna kimya, na hakuna aliyemtazama Sun-rye usoni. Naye alishukuru, akidhani wamechoka.

Baada ya nusu saa Mal-sun alipanda, mikono mitupu, macho mekundu. Akaketi karibu naye. Basi likaondoka. Alikikunja kitambaa cha waridi mara mbili, akakikunja tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ya ujirani akakosa la kusema.

Sun-rye akatafuta neno la kuvunja ukimya, neno jepesi, lolote lisilokuwa na mlinzi ndani yake.

"Mpwa wako ulimpata, dada? Kimchi ameipokea?"

"Ameipokea," Mal-sun alisema, akitazama dirishani. "Kama mwaka jana, nilimngoja kwanza abandue ndevu."