Uliachiliwa na Nani?

“Uliachiliwa na nani?”

Mwalimu Nabalayo aliipigia sentensi mstari mwekundu, akamrudishia Fowsiya insha yake. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza Fowsiya aliandika kwamba vita vilipofika kwao watu walikimbia, wakateseka sana, wengine wakapotea. Mwalimu akamwambia hiyo ni taarifa ya redio. Aandike aliyoyaona yeye.

Sasa alikuwa ameandika: “Tulipofika darajani, mkono wa mdogo wetu Hodan uliachiliwa.”

“Mtahini atakuuliza vivyo hivyo,” mwalimu alisema. “Mkono haukujiachilia. Mtaje mtu.”

Fowsiya akakaa. Akaikunja insha yake, akaitia mkobani.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kilichokuwa juu ya maduka ya vitambaa, Eastleigh, First Avenue. Kila Jumamosi watu waliokatiziwa masomo walikuja hapo kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Fowsiya alikuja na ndugu yake Magan. Walikuwa wamekimbia Somalia mwaka wa tisini na moja, yeye akiwa msichana mkubwa, Magan na Hodan wakiwa bado watoto waliokaribiana umri. Waliofika Nairobi ni wawili tu.

Wakishuka ngazi, Magan alisema bila kumtazama, “Andika ‘tulipotezana.’ Inatosha.”

“Mwalimu hataki.”

“Mwalimu hakuwepo.”

Wiki hiyo Fowsiya hakutulia. Dukani alikofanya kazi alimkatia mteja kitambaa kifupi, akakata kingine, nacho kikazidi. Nyumbani alibandika chai akaisahau mpaka sufuria ikaungua. Alianza sentensi, akaifuta, akaenda dirishani, akarudi, akaifuta tena. Magan naye siku zote hizo alikula nje, na akirudi alimpita dada yake kama mpangaji asiyejuana na mwenye nyumba.

Fowsiya aliamini anajua sababu. Tangu waingie Kenya, ndugu yake hakuwahi kulitaja jina la Hodan mbele yake. Ama alimhurumia, ama alimchukia. Hakuthubutu kuuliza ni lipi.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu Nabalayo alimwita pembeni. Huenda wiki ile naye alikuwa amewaza.

“Fowsiya, kama jambo hili linakuuma, andika kuhusu kitu kingine. Andika kuhusu duka. Mimi shida yangu ni upasi mtihani tu.”

“Hapana, mwalimu. Nitamtaja.”

Akasimama mbele ya wenzake. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma.

“‘Moshi ulikuwa mzito, hata miguu yangu sikuiona. Nilimwambia Magan ashike nguo yangu, Hodan nikamshika mkono. Nilitangulia nikiwavuta, sikugeuka nyuma hata mara moja. Darajani watu walikanyagana na risasi zikalia. Vidole vya Hodan vilining’ang’ania vikawa vinanirudisha nyuma. Nilimwambia twende haraka, hakuweza. Ni mimi, Fowsiya, niliyeuachilia mkono wake nikakimbia. Magan alinikuta ng’ambo nikiwa peke yangu, akaniuliza kama nimeumia. Hakuniuliza Hodan yuko wapi.’”

Chini barabarani wachuuzi waliendelea kuita bei zao. Mwalimu Nabalayo aliichukua kalamu nyekundu, kisha akairudisha mezani bila kuandika chochote.

“Sasa iko wazi,” alisema polepole. “Kaa, mama. Kaa chini.”

Lakini nyuma ya darasa Magan alikuwa ameshasimama, ameshika dawati kana kwamba sakafu inayumba.

“Haiko wazi, mwalimu,” alisema.

Kisha akamgeukia dada yake.

“Abaayo, dada yangu, ungegeuka ungeona. Hodan alitupotea sokoni, kabla hata ya kulifikia daraja, nami nikaushika mkono wako mahali pake. Vidole vile vilikuwa vyangu.”