Kichupa Mkononi mwa Sista Devotha

Sista Devotha alikifumbata kichupa cha kioo kama anayeficha kifaranga kisionwe na mwewe. Ndani mlikuwa na damu aliyoichota Daktari Jovin.

"Usikitikise," Jovin alisema.

"Nani alikufundisha hivyo kama si mimi?"

Kweli. Devotha alikuwa mkunga wa Mikumi, na Jovin alijifunzia kazi kwake. Asubuhi hiyo gari la wagonjwa lilimleta Devotha hospitali ya Kilosa, na tangu limshushe hakuwa amenyamaza.

"Sista, leo hauko zamu," Monica, muuguzi wa wodi, alimkumbusha.

"Mdomo wangu uko zamu."

Mtoto alikwisha kuzaliwa, msichana mwenye sauti kama honi ya lori la Iringa. Kondo la nyuma lilitoka zima, kizazi kilibana vizuri, hapakuwa na mchaniko. Lakini damu iliendelea kuvuja, nyepesi kama maji. Jovin alihofia kwamba imeacha kuganda; ndiyo maana kichupa kilishikwa kwenye joto la kiganja, waone kama itaganda. Wakichelewa, yule mtoto angekosa mama.

Herman, mume wa mgonjwa, alichungulia mlangoni, katoka moja kwa moja shamba la mbegu Kilangali.

"Daktari, mama mtoto anaendeleaje?"

"Anayaona mabuti yako ya matope," Devotha alidakia. "Toka nje! Wenzako wametoa damu?"

"Wote! Hata Simoni anayeogopa sindano."

Muda ulipotimia, Jovin alikiinamisha kichupa. Damu ilitiririka kama chai.

"Haijaganda hata kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Monica, dawa ya kuzuia damu kutoka. Na damu ya wale wa Kilangali, iliyokwisha kupimwa. Haraka."

Chupa ya kwanza ya damu iliisha, nyingine ikatundikwa. Devotha alidai kichupa kipya akifumbate.

"Mikono yako baridi, Sista. Lete kwangu," Monica alisema.

Walisubiri. Hatimaye Jovin alikipindua kichupa juu chini, na halikudondoka hata tone. Monica alipiga vigelegele mpaka wodi ya jirani ikaitikia bila kujua kuna nini.

"Pima tena, tuhakikishe," Devotha aliamuru.

Jovin alicheka, akafuta machozi kwa kiwiko. Alimvutia Devotha shuka vizuri, kisha akamlaza yule mtoto kifuani pake.

"Nitakuchoma tena baadaye, mkono huo huo. Sasa nyamaza, umnyonyeshe mwanao."