Haitaanguka Tena

Kosa lilikuwa palepale, na Mwalimu aliliona kabla fundi hajaketi vizuri.

Programu zilikuwa mbili. Ya kwanza iliandika maneno katika kumbukumbu ya pamoja. Ya pili, msomaji, iliyachukua humo na kuyatamka kwa spika. Kati yazo hapakuwa na kufuli la kumzuia msomaji mpaka neno likamilike. Msomaji alipoingia mapema, alikuta nusu ya neno, na programu zote mbili zikaanguka, zikaacha kufanya kazi.

Fundi, aliyefundishwa kazi na Mwalimu huyohuyo, alikuwa na vidole vyepesi. Kila neno alilolipiga kwenye kibodi lilikuwa limekwisha kuingia zima kabla msomaji hajafika. Spika ikatamka bila kigugumizi.

"Mwalimu amenikazia macho kama siku ya mtihani," akamwambia binti wa Mwalimu, aliyesimama mlangoni. "Nikikosea, ataniumbua."

"Siku hizi hamgombezi mtu," binti akajibu bila kucheka. Kisha akarudia aliyoyasema kwenye simu: ikishindwa leo, mashine inarudi ilikotoka, yeye amechoka kuhangaika nayo.

Mwalimu hakuweza kuyawazia maisha bila mashine ile. Weka kufuli, aliwaza. Mfanye msomaji angoje.

Fundi akachagua njia ya mkato. Alimwamuru msomaji alitupe kila neno lisilokamilika, asitamke kitu wala asilalamike. Akapiga maneno ya ukurasa mzima. Hakuna kilichoanguka.

"Haitaanguka tena, dada. Ile kero nimeimaliza."

Mwalimu aliisoma amri ile mara ya pili. Ni kweli, haitaanguka.

Binti akaja, akamfuta baba yake mate kidevuni, akaukaza mto ulioishikilia shingo yake, akaisogeza skrini mpaka kamera ikayapata macho, viungo pekee vilivyokuwa vikimtii bado.

"Baba, sema chochote. Hata jina langu."

Kwa macho, Mwalimu akaandika herufi ya kwanza. Msomaji akaona neno halijakamilika, akalitupa. Mwalimu akaitafuta ya pili, akaipata. Spika ilikuwa kimya. Akaandika ya tatu.

Fundi alikagua kila kitu, akakuta taa zote ni za kijani. "Mashine ni nzima," akasema kwa upole, akiyaepuka macho ya binti.

Binti akamtazama baba yake, ambaye mboni zake zilikuwa zikihangaika huku na huko juu ya skrini.

"Basi daktari alisema kweli," akasema. "Hayumo tena."

Akaizima.