Miti ya Kukaguliwa

Mwalimu Peris alikuwa amechutama kwenye ua wa chuo kimoja cha Kitale, ameshika majani ya mti wa grevilia, na mkono wenye kalamu ulikataa kabisa kuandika.

Mwaka huo wa 2006 vyuo vilikuwa vinakaguana: nani anatunza mazingira vizuri, kuanzia kuni za jikoni hadi miti ya uani. Mshindi angepewa tangi kubwa la maji. Chuo cha Peris, kule Bungoma, kilihitaji tangi hilo kufa na kupona. Wasichana wake walikuwa wakienda mtoni na ndoo kabla ya masomo.

Ndiyo maana alifanya alichofanya. Wiki iliyotangulia, siku moja kabla ya mwalimu Kipchirchir wa Kitale kuja kuwakagua, Peris aliazima miti kwa Wekoye, mwenye kitalu pale Misikhu, akaizika uani pamoja na madebe yake. Mmoja ulivunjika shingo ukishushwa. Akaufunga kwa kipande cha leso yake ya zambarau. Kipchirchir alizunguka, akasifu, akawapa alama za juu. Tangu hapo chakula kilikuwa hakimshuki Peris.

Sasa ilikuwa zamu yake kumkagua Kipchirchir. Miti ya Kitale ilisimama wima, udongo chini yake umelowa ingawa mvua ilikuwa haijanyesha.

"Mnamwagilia kila siku?"

"Eh, tunajaribu, madam." Kipchirchir akamkinga njia. "Huko mwisho usiende. Siafu ni wengi."

Muungwana namna hii, Peris aliwaza, anajali hata miguu ya mgeni! Na yeye alimlipa nini? Uongo. Akawakumbuka wasichana na ndoo zao, akajua kwamba akifungua mdomo tangi limekwenda. Akaufungua.

"Mwalimu, nisamehe. Ile miti uliona kwetu, hatukupanda. Ilikuwa ya kuazima. Tulizika na madebe yake, na ulipoenda tu, tukarudishia mwenyewe. Futa alama zetu, bana. Hiyo tangi ni yenu."

Kipchirchir alitazama viatu vyake, akatazama lango. Kisha akaenda hadi mwisho wa safu, ambako hakukuwa na hata siafu mmoja, akaukumbatia mti wa mwisho na kuung'oa, debe na vyote. Akaja kuutua mbele ya Peris.

Shingoni mwa mti huo kulikuwa na kipande cha leso ya zambarau.

"Si unisaidie na hizo zingine," alisema bila kuinua macho. "Wekoye yuko njiani kuzichukua. Kesho wanakagua Webuye."