Bembea ya Gulnaz

Redio ya jirani ilipofika ubeti wa pili wa wimbo wa filamu, mke wa mtunzi wa maneno yake aliacha kusukuma chapati.

"Moyo wangu ni bembea," mwimbaji alideka, "aliyeshuka kaenda zake, yenyewe bado yayumba."

Mtunzi aliinamia chai yake. Maneno yale aliyasema mkewe, siku waliyotoka kumzika binti yao. Miezi minane baadaye, mtunga muziki wa filamu alirudia mahadhi yaleyale kwenye kinanda asubuhi nzima, akidai mstari wa msichana anayemringia mchumba bustanini. Mtunzi akampa huo wa mkewe.

"Shoga," jirani aliita kutoka roshani ya pili, akianika nguo, "mumeo ana maneno matamu, jamani. Alikuandikia wewe?"

"Ndiyo, mimi," mkewe alijibu.

Kisha akamgeukia mumewe, unga umemjaa viganjani. "Baba Gulnaz," alisema polepole. Tangu msiba hakuwahi kumwita hivyo. "Kilio changu umekivalisha njuga."

Mtunzi alifungua kinywa amwombe radhi. Lakini gotini, chini ya meza, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuhesabu mizani ya maneno hayo.